Virusi vya makro: utegemee antivairasi, mipangilio ya Word, au uhamie programu nyingine?

Waraka umefika kwa barua pepe. Unaitwa "Ankara" au "Mkataba uliorekebishwa", na jina la mtumaji unalijua. Unaufungua, lakini badala ya maandishi unakuta picha yenye maelezo kwamba waraka huu umetengenezwa kwa toleo jipya la Word, kwa hiyo ubofye Enable Content ili uweze kuusoma. Unatazama juu ya ukurasa na kweli kuna ukanda wa njano wenye kitufe hicho. Kazi zimekulemea na kuna mtu anasubiri jibu lako. Unabofya.

Kila kinga nitakayoilinganisha hapa nitaipima kwa sekunde hiyo moja. Watu wengi wakiniuliza habari za virusi vya makro huanza na swali la antivairasi: ipi ni nzuri, ya bure inatosha, ya kulipia ina nini cha zaidi? Ni maswali halali na nitayajibu. Ila kuna swali linaloyatangulia: nani anaamua kwamba makro iendeshwe, na anaamua lini? Zipo kinga zinazoamua mapema, siku umekaa umetulia, na zipo zinazosubiri hadi uwe na haraka ndipo zikuulize. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko jina la programu yoyote utakayoinunua.

Tunajikinga na nini hasa

Makro ni maagizo yaliyopangwa mfululizo ili programu iyatekeleze kwa mpigo mmoja. Uwezo huu uliwekwa kwa nia njema. Anayeandaa barua mia zenye umbo moja, au ripoti ya kila mwezi yenye majedwali yaleyale, huandika makro mara moja na kuokoa saa nyingi. Kasoro ni kwamba maagizo hayo yanaweza kukaa ndani ya waraka wenyewe, na Word ina majina ya makro yenye nguvu ya pekee. Makro ikiitwa AutoOpen, inaanza yenyewe waraka unapofunguliwa. Ikiitwa AutoClose, inaanza unapoufunga. Ikipewa jina la amri ya Word, kwa mfano FileSaveAs, Word inaitekeleza hiyo na kuiacha amri yake halisi. Kinachobaki ni kunakili maagizo hayo kwenye kiolezo kikuu kinachoitwa Normal, ambacho Word hukisoma kila inapowashwa, na tangu hapo waraka wowote unaougusa unaweza kuambukizwa.

Hadi mwaka 1995 ushauri uliozoeleka ulikuwa kwamba virusi hukaa kwenye programu na kwenye sehemu ya diski inayowasha kompyuta, wala waraka wa maandishi hauna hatari. Mwaka huo kikatokea kirusi cha Word kilichoitwa Concept. Hakikufuta kitu. Kilionyesha kisanduku kidogo chenye namba 1, kikajinakili kwenye kiolezo kikuu, na ndani yake mlikuwa na makro nyingine isiyofanya lolote, iliyobeba tu maneno ya mwandishi wake kwamba hiyo inatosha kuthibitisha hoja yake. Hoja yenyewe ilithibitika vizuri sana, kwani Concept ilisambaa kiasi cha kukutwa hata kwenye CD zilizotolewa na Microsoft wenyewe.

Kisha ikaja Melissa, tarehe 26 Machi 1999. Hii inafaa kukumbukwa kwa mambo mawili. Kwanza, ilichukua anwani 50 za mwanzo kwenye kitabu cha anwani cha Outlook na kuzitumia waraka ulioambukizwa kwa jina la mwenye kompyuta. Aliyepokea aliona barua kutoka kwa mtu anayemfahamu, ikimwambia waraka alioomba ndio huu. Waswahili walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali inakaa barabara: ushauri wa kutofungua barua za wageni haukusaidia chochote. Pili, Melissa ilipopata nafasi ya kuanza ilishusha mipangilio ya ulinzi ya Word, ili makro zitakazofuata zisiulizwe. Kwa maneno mengine, kinga inayoweza kuzimwa na makro iliyokwisha kuingia ni kinga yenye nafasi moja tu ya kufanya kazi. David L. Smith, aliyeiandika, alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miezi 20 nchini Marekani.

Virusi vya kizazi hicho vilijinakili kutoka waraka hadi waraka. Vilivyofuata vina tabia tofauti, na tofauti hiyo inabadilisha ulinganisho wetu wote. Makro za miaka ya 2010 nyingi hazijisumbui kuambukiza nyaraka nyingine. Kazi yake ni kufungua mlango: inaanza, inapakua programu nyingine kutoka intanetini, inaiendesha, basi. Dridex iliyoiba taarifa za benki iliingia kwa njia hiyo. Locky, iliyofunga mafaili ya watu na kudai malipo mwaka 2016, iliingia kwa njia hiyo. Emotet nayo ilipita humohumo. Polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao wake Januari 2021, na ilipofika Novemba ikawa imerudi. Hata kukatika kwa umeme nchini Ukraine tarehe 23 Desemba 2015, kulikowaacha gizani wateja wapatao 225,000, kulitanguliwa na nyaraka za Office zenye makro zilizotumwa kwa wafanyakazi. Kwa hiyo leo ukisafisha waraka hujasafisha kompyuta. Mgeni ameshaingia ndani. Kufunga mlango aliopitia hakumtoi.

Antivairasi

Nianze na sifa zake, kwa sababu inazo. Antivairasi inavijua virusi vya zamani kuliko mtu yeyote. Kama una hazina ya nyaraka za miaka ya tisini na ya elfu mbili, zenye .doc mwishoni, ipitishe antivairasi kabla hujafungua hata moja. Mara nyingi itaiondoa makro na kukuachia maandishi yako salama. Hakuna kinga nyingine katika orodha hii inayofanya kazi hiyo.

Udhaifu wake unaonekana kwa makro mpya. Mwandishi wa makro hatari anaweza kuuvuruga msimbo wake kila asubuhi, akabadili majina, akakata maneno vipandevipande na kuyaunganisha wakati wa kuendesha, na alama ambayo antivairasi iliitafuta jana isionekane leo. Mbinu nyingine ni kuufunga waraka kwa nenosiri, au kuuweka kwenye faili ya zip yenye nenosiri, kisha kuliandika nenosiri hilo kwenye barua yenyewe. Binadamu analisoma na kufungua. Kichujio cha barua pepe kinaishia mlangoni. Ukikuta barua inayokupa kiambatisho kilichofungwa na ufunguo wake pamoja, simama hapo hapo, maana nenosiri la namna hiyo halimzuii mtu yeyote asisome. Linaizuia antivairasi tu.

Haki isemwe, tangu mwaka 2018 Office ya usajili (ile inayolipiwa kwa mwezi au mwaka) kwenye Windows imeweza kuipa antivairasi taarifa ya kile makro inachokifanya wakati inaendeshwa. Uvurugaji wa msimbo hausaidii sana hapo, kwa sababu amri ikifika mahali pa kutekelezwa inakuwa imekwisha kujifunua. Ni hatua kubwa. Lakini ona ilipo katika mfuatano wa matukio: inakuja baada ya mtu kubofya.

Ya bure au ya kulipia? Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, na kwa suala la makro peke yake sioni sababu ya kumshauri mtu wa nyumbani alipie nyingine. Ukiwa na sababu tofauti, kama kusimamia kompyuta nyingi kutoka mahali pamoja, hayo ni mazungumzo mengine. Usisakinishe mbili zikalinda kwa wakati mmoja. Zinagombania mafaili yaleyale na kompyuta inakuwa nzito.

Mipangilio ya Word yenyewe

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, hata kama una dakika kumi tu.

Fungua File, kisha Options, kisha Trust Center, ubofye Trust Center Settings na uchague Macro Settings. Utakuta chaguo nne. Ya kwanza inazima makro zote bila kukuarifu. Ya pili inazizima lakini inakuonyesha ukanda wenye kitufe cha kuruhusu, na hii ndiyo iliyowekwa tangu kiwandani. Ya tatu inazima zote isipokuwa zilizotiwa saini ya kidijitali. Ya nne inaruhusu zote. Hii ya nne haina mjadala: kama ndiyo iliyochaguliwa kwenye kompyuta yako, ibadilishe leo, kisha ujiulize nani aliiweka hapo.

Ushindani halisi uko kati ya ya kwanza na ya pili. Ya pili inaonekana ya busara, maana inakuachia uhuru wa kuamua. Tatizo ni kwamba inakuachia uamuzi huo katika ile sekunde niliyoieleza mwanzoni, na adui anaijua sekunde hiyo kuliko wewe. Ile picha ya "bofya ili uweze kusoma" imetengenezwa kwa ajili ya chaguo la pili. Mbele ya chaguo la kwanza inakosa kazi, kwa kuwa hakuna kitufe cha kubofya. Miaka ya tisini watu walifundishwa kushikilia Shift wakati wa kufungua waraka ili AutoOpen isianze. Mbinu hiyo inafanya kazi. Iliwashinda wengi kwa sababu ilidai mtu akumbuke kila mara, na hakuna mtu anayekumbuka kila mara.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: je, katika mwaka uliopita umewahi kuhitaji makro kwenye Word? Simaanishi kuiona ikikuuliza. Namaanisha kazi ambayo isingefanyika bila hiyo. Kwa watu wengi sana jibu ni hapana, na kwao chaguo la kwanza halina gharama yoyote. Excel ina mipangilio yake ya pekee, usidhani ukibadilisha ya Word umeigusa na ya huko. Na Excel inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina pia makro za mtindo wa zamani wa mwaka 1992 ambazo wahalifu walizifufua miaka mingi baadaye. Januari 2022 Microsoft walitangaza kwamba kwenye Office ya usajili sasa zimezimwa tangu kiwandani.

Chaguo la tatu, la saini, ni la ofisi yenye makro zake halali. Mtu mmoja anayeaminika anazitia saini, nyingine zote zinakataliwa. Linahitaji mtu wa kusimamia vyeti vya saini, na bila mtu huyo watumiaji huchoka na kurudi chaguo la pili au la nne. Nimeona hivyo katika ofisi moja niliyoisaidia: mpango mzuri uliishi hadi aliyeusimamia alipohama, kisha kila kompyuta ikawa na mipangilio yake.

Sasa kuhusu ukanda mwekundu. Februari 2022 Microsoft walitangaza kwamba makro kwenye faili zilizotoka intanetini zitazuiwa moja kwa moja, na badala ya ukanda wa njano utokee mwekundu usio na kitufe cha kuruhusu. Julai wakasitisha kwa muda kufuatia malalamiko ya watumiaji, na kabla mwezi haujaisha wakaendelea. Ni mabadiliko bora kuliko yote niliyoyaona katika jambo hili, kwa kuwa yalimwondolea mtu mwenye haraka uamuzi aliokuwa akishindwa nao kwa miaka zaidi ya ishirini. Wahalifu wengi waliachana na makro na kutafuta njia nyingine, wakaanza kutuma faili za OneNote, faili za nakala ya diski nzima (ISO) na njia za mkato (shortcut). Ushahidi wa kwamba mlango umefungwa vizuri ni mwizi kwenda kujaribu dirisha.

Lakini ulinzi huo una masharti, na masharti yake hayasemwi vya kutosha. Unahusu Windows. Ulianza na Office ya usajili, kwa hiyo mwenye toleo la zamani lililonunuliwa mara moja asijihesabu kuwa amelindwa. Aende mwenyewe kwenye Macro Settings. Zaidi ya hayo, unategemea alama ndogo ambayo Windows huibandika kwenye faili iliyopakuliwa, kusema kwamba hii imetoka intanetini. Alama hiyo hukaa kando ya faili kwenye diski yenye mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao NTFS. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na hizo hazina mahali pa kuiweka. Mtu akipakua waraka nyumbani, akaubeba kwa flashi na kuufungua kwenye kompyuta nyingine, alama imeshapotea njiani, ukanda mwekundu hautokei, na tumerudi kwenye ule wa njano. Hali ni hiyo kwa baadhi ya programu za kufungulia zip, ambazo hazikuwa zikiihamisha alama kwenye mafaili yaliyomo ndani. Mahali ambapo nyaraka zinasafiri kwa flashi kuliko kwa barua pepe, usitegemee ukanda mwekundu. Chagua kuzima zote.

Jambo jingine la kuangalia humohumo Trust Center ni orodha ya Trusted Locations, yaani folda ambazo Word haiulizi chochote kuhusu yaliyomo. Wapo wanaoweka folda ya Downloads hapo ili kuondoa usumbufu wa maonyo. Hilo ni sawa na kung'oa mlango kwa kuwa unapiga kelele. Ukiikuta Downloads, Desktop au flashi kwenye orodha hiyo, iondoe.

Kwa wasimamizi wa kompyuta nyingi nitasema kwa kifupi tu. Sera ya kuzuia makro za intaneti ipo kwenye Group Policy tangu Office 2016. Defender nayo ina kanuni inayoizuia Word kuanzisha programu nyingine. Hii ya pili naipenda kwa kuwa inashika kitendo chenyewe: hata makro ikianza, mlango ilioujia haufunguki. Ijaribu kwanza kwa kuweka kumbukumbu bila kuzuia, uone kama kuna kazi halali inayoitegemea.

Aina ya faili

Tangu Office 2007, jina la faili linasema mengi. Waraka wa .docx hauhifadhi makro. Wenye makro lazima uwe .docm, na violezo vyake ni .dotx na .dotm. Ile .doc ya zamani inaweza kuwa nazo au isiwe nazo, na kwa kuitazama hujui. Kwa hiyo kanuni rahisi ya ofisi ni kupokea .docx au PDF, na kurudisha .doc na .docm kwa mtumaji. Windows kwa kawaida huficha herufi hizo za mwisho, basi nenda kwenye View ya File Explorer uweke alama kwenye File name extensions, la sivyo kanuni yote inakuwa ya kubahatisha.

RTF, aina nyingine ya faili ya maandishi, ilisifiwa sana zamani kama mbadala salama, na ni kweli haibebi makro. Ila Word huangalia kilicho ndani ya faili kuliko jina lake: .doc iliyobadilishwa jina ikawa .rtf inafunguka kama .doc, na makro zake zikiwemo. Aidha, RTF inabeba vitu vingine vilivyopachikwa. Kasoro iliyorekebishwa Novemba 2017 kwenye kihariri cha zamani cha milinganyo ya hesabu ilitumiwa mno kupitia RTF, bila makro hata moja na bila kitufe cha kubofya. Hata .docx ina mwanya: inaweza kuelekezwa kuchukua kiolezo kutoka seva ya mbali, na kiolezo hicho kikawa na makro. Mwaka 2022 ikajitokeza kasoro iliyopewa jina Follina, nayo haikuhitaji makro.

Aina ya faili, basi, ni kichujio kizuri cha kwanza na ukuta mbovu wa mwisho. Masasisho ya Office na Windows ndiyo yanayoziba mianya ya aina hii. Office 2010 iliacha kupata masasisho Oktoba 2020, Office 2013 Aprili 2023, na Office 2016 na 2019 Oktoba 2025. Anayeendelea kuzitumia hizo hawezi kupata kinga ya kasoro mpya kwa kurekebisha mipangilio tu.

Programu nyingine

LibreOffice ina makro zake na inaelewa sehemu ya makro za Microsoft, kwa hiyo wasemao haina makro wanakosea. Kinachoipa nafuu ni uamuzi uliowekwa humo tangu mwanzo: kiwango cha ulinzi ni High, ambapo makro isiyo na saini inayoaminika inazimwa, waraka unafunguka, nawe unasoma. Aidha, makro zilizoandikwa kuilenga Word mara nyingi hushindwa kufanya kazi huko. Gharama yake ni muonekano: waraka wenye majedwali tata au fomu unaweza kujipanga vibaya, na ukirudishiana na mtu wa Word mtasumbuana.

Google Docs, na Word ya kwenye kivinjari, haziendeshi kabisa makro za VBA, lugha ambayo makro za Office huandikwa. Word ya kwenye simu pia. Hili la simu halisemwi vya kutosha: ukiwa na shaka na waraka na huna budi kuusoma, ufungue kwa simu. Makro iliyomo haitaanza. Angalizo langu kwa Google Docs ni la usiri. Waraka wa siri wa mteja au mgonjwa usiupakie kwenye seva za mtu mwingine kwa sababu ya kuogopa makro pekee.

| Kinga | Nani anaamua | Lini | Inapovuja |
|---|---|---|---|
| Antivairasi | Programu | Faili inapofika, au makro inapoanza | Makro mpya, faili zenye nenosiri |
| Word: zima na uarifu | Wewe | Ukiwa na haraka | Kitufe chenyewe |
| Word: zima zote | Wewe | Siku ya kupanga mipangilio | Kasoro zisizohitaji makro |
| Ukanda mwekundu | Office | Faili inapofunguliwa | Flashi, baadhi ya zip, matoleo ya zamani |
| Kupokea .docx na PDF tu | Kanuni ya ofisi | Kabla ya kufungua | Violezo vya mbali, kasoro |
| Kivinjari au simu | Aina ya programu | Ilishaamuliwa | Usiri, muonekano wa waraka |

Mimi ningechagua hivi

Mwanafunzi, au mtu anayeandika barua na kazi zake binafsi: zima makro zote kwenye Word na Excel, acha Defender ifanye kazi yake, sasisha Windows. Hakuna cha kununua.

Anayepokea nyaraka za watu asiowajua kila siku, kama maombi ya kazi au zabuni, ana hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa kufungua viambatisho vya wageni ndiyo kazi yake. Kwake ningeandika kwenye tangazo lenyewe kwamba zinapokelewa PDF tu, na zinazofika kwa aina nyingine zisomwe kwenye kivinjari. Kumwambia mtu huyu awe mwangalifu ni kumtwika mzigo usiobebeka, mwondolee kitufe.

Mhasibu mwenye makro anazozihitaji kweli ni mgumu zaidi. Saini ndiyo njia sahihi. Kama hakuna wa kuisimamia, iwepo folda moja tu inayoaminika, isiyo Downloads, ambayo anaweka faili zake mwenyewe kwa mkono, na nje ya hapo zizimwe zote. Ukimwacha na ukanda wa njano kwa sababu anahitaji makro mbili, umemfundisha kubofya Enable Content kila siku, na siku ya Ankara ya uongo mkono wake utakwenda wenyewe.

Maabara ya kompyuta yenye watumiaji wengi na flashi nyingi: zima zote kwa sera, ili mtumiaji asiweze kurudisha. Antivairasi hapa ina thamani kuliko kwingineko, maana virusi vya zamani bado vinazunguka kwenye flashi.

Na wote hao wawe na nakala ya mafaili kwenye diski inayochomolewa baada ya kunakili. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta.

Kama umeshabofya

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi kwanza, kabla ya kufuta chochote. Kumbuka kwamba makro za siku hizi hufanya kazi ya kuleta kitu kingine, kwa hiyo kufuta waraka hakutoshi. Endesha ukaguzi kamili wa antivairasi. Defender ina ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, uitwao Microsoft Defender Offline, na huo ndio wa kuchagua. Funga Word, andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye File Explorer, na uibadilishe jina faili ya Normal.dotm; Word itatengeneza mpya ikiwaka. Rudi Trust Center uhakikishe mipangilio haijashushwa, kama Melissa ilivyofanya. Badilisha manenosiri ya barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, si kompyuta hiyo.

Kisha mpigie simu yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye barua. Huenda hajui kwamba barua zinatumwa kwa watu kwa jina lake.